Wito Usiozikwa

Johann Ludwig Krapf hakuwa amemaliza hata miezi mitatu Mombasa alipomzika mkewe Rosine, Julai 1844. Siku chache baadaye akamzika na binti yao mchanga, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Rosine alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Barua ambayo Krapf aliwaandikia wakuu wake wa Church Missionary Society (CMS) kule London haikuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kaburi hilo liwe ishara kwao kwamba kazi imeanza. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameshaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa ndiyo kwanza anajifunza.

Tunapozungumza kanisani kuhusu ulinzi wa Mungu usiobadilika, aghalabu tunamaanisha safari njema, ajali iliyotukosa, mtoto aliyepona. Ni haki kushukuru kwa hayo. Lakini anayeisoma historia ya wito katika nchi zetu atakuta kwamba Mungu aliyewaita watu hawa hakuwaahidi kuwa wangezeeka. Kilichodumu kwa karibu miaka 180 ni jambo jingine: kila mara mtumishi alipoanguka, kazi ilikuwa na mikono mingine ya kuipokea, na mara nyingi ilikuwa mikono ambayo hakuna aliyeitegemea. Uaminifu huo ndio ninaotaka kuufuata hapa, tangu vilima vya Rabai hadi msitu wa Ituri.

Rabai ndipo pa kuanzia, kwa sababu kila kipimo cha mafanikio tunachokitumia leo kingewahesabu wale watu kuwa wameshindwa. Johannes Rebmann aliungana na Krapf mwaka 1846, wakajenga kituo chao nyuma ya Mombasa. Mei 1848 Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya wakamdhihaki; mwaka uliofuata Krapf akauona Mlima Kenya. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Wachache wanajua kuwa mtu wa kwanza kubatizwa pale alikuwa Mringe, mgonjwa na mlemavu, aliyefariki muda mfupi baada ya ubatizo wake. Hebu ripoti hiyo isomwe leo mbele ya mkutano mkuu wa dayosisi: mke amekufa, mtoto amekufa, aliyebatizwa ni mmoja, naye amekufa. Krapf alirudi Ulaya akiwa amevunjika afya. Rebmann akabaki. Mkewe akafariki mwaka 1866, macho yake yakafifia, na bado akaendelea kukusanya maneno ya kamusi hadi 1875, alipoondoka akiwa karibu kipofu kabisa, akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa hapohapo Rabai. Alikuwa amekaa miaka 29. Waumini aliowaacha walikuwa wa kuhesabika, na mwaka uliofuata alifariki Ujerumani.

Waliokuja kuijaza Rabai walikuwa tayari njiani, na walikuwa wametokea mahali ambapo Krapf hakuwahi kupawazia. Katika miaka hiyo manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa India, kwenye shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walisomeshwa na kufundishwa kazi za mikono. Mwaka 1864 wachache wao waliletwa Mombasa kusaidia kazi: William Jones, Ishmael Semler, George David. Watu wa pwani waliwaita Waafrika wa Bombay. Hawakuwa na ukoo hapa, wala mzee wa kuwasemea. Lugha za makwao wengi wao walikuwa wamezisahau. Mwaka 1875 ulipoanzishwa mji wa watumwa walioachwa huru, Frere Town, ng'ambo ya Mombasa, hao ndio waliokuwa walimu, makarani na wahubiri wake. Mtaa wa Kengeleni umepata jina lake kwa kengele ya mji ule.

Nataka tukae kidogo na William Jones, kwa sababu historia zetu za kanisa humpitia haraka mno. Askofu James Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi mwaka 1885, pamoja na Semler, na mwaka huohuo akamchukua katika msafara wa kwenda Buganda kwa njia ya Umaasai. Walipofika Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias, Hannington alimwacha Jones na wapagazi walio wengi, akatangulia na watu 50 hivi. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Busoga, na karibu wote aliokwenda nao wakauawa pia. Jones alisubiri bila habari, kisha wakaja manusura wachache kumweleza. Ilimlazimu aurudishe msafara mzima pwani, mamia ya maili, kupitia nchi ambayo wangeweza kuuawa siku yoyote. Februari 1886 watu wa Rabai waliuona ukirudi, mbele yake bendera ya bluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wanawake ambao waume zao hawakurudi walijua kabla hawajaambiwa.

Mtu aliyerudi na bendera ile ndiye aliyeendelea kuisimamia Rabai, na mtihani wake mkubwa ulikuwa bado mbele. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia vituo vya misheni. Sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mabwana wao, na wakuu wa misheni walikuwa wameagiza watoro wasipokelewe. Jones alikuwa ametekwa akiwa mtoto. Aliwapokea. Walipohesabiwa mwishoni mwa 1888 katika vituo vya pwani, walikuwa zaidi ya 1,400, wengi wao wakiwa Rabai, wamejenga na wanalima. Mombasa kulikuwa na hasira iliyokaribia vita. Hatimaye George Mackenzie, msimamizi wa kampuni ya Imperial British East Africa, aliafikiana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa watu hao. Wamishonari wa Kizungu hawakuwatendea daima Waafrika wa Bombay kama wenzao katika utumishi. Waliwapa mishahara midogo na mashaka makubwa, na hilo tuliseme wazi. Lakini swali la nani angeibeba kazi ya Rebmann lilikuwa limeshajibiwa tangu siku jahazi moja lilipokamatwa baharini na mtoto mmoja akatolewa ndani yake.

Upande wa Unguja mambo yalikwenda kwa namna inayofanana, ingawa kwa misheni nyingine. Universities' Mission to Central Africa (UMCA) ilizaliwa kutokana na wito ambao Livingstone aliutoa Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifia kwenye makutano ya mito Ruo na Shire Januari 1862, hajamaliza hata mwaka mmoja na nusu kazini. Mrithi wake, Tozer, alihamishia misheni Unguja mwaka 1864, akaanza na wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwake na Sultani Seyyid Majid. Wawili kati ya kundi hilo, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa katika daraja ya kwanza ya utumishi mwaka 1870. Farajallah alikufa kwa kipindupindu mwaka uleule. Swedi akaendelea, akawa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, naye kwa miaka mingi alilichunga kanisa la Chitangali, huko Wayao waliko, bila Mzungu wa kumwangalia. Kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, lilisimamiwa na Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili ambaye amezikwa nyuma ya altare yake. Wageni hupiga picha hapo kila siku. Majaliwa hana picha nyingi.

Buganda inahitaji maneno zaidi. Mapadre Wazungu wa White Fathers walifika mwaka 1879, miaka miwili baada ya CMS, na mwishoni mwa 1882 wakaondoka kwa kuhofia usalama, wakahamia kusini ya Ziwa Victoria. Waliwaacha waumini wachache sana, wengine wakiwa bado wanafundishwa. Waliporudi mwaka 1885, wakakuta wanafunzi wa dini wameongezeka. Walikuwa wamefundishwa na watumishi wa ikulu na watu wa kawaida, ambao hakuna askofu aliyekuwa amewawekea mikono. Kati ya waliobeba mzigo huo alikuwemo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtu wa karibu wa Kabaka Mwanga. Mwanga alimwua Novemba 15, 1885, baada ya Yosefu kumlaumu kwa kifo cha Hannington. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa ikulu, alibatizwa. Mei 1886, usiku ambao vijana walijua kuwa kesho wangeulizwa kama wao ni Wakristo, padre hakuwepo, na Lwanga akawabatiza wenzake mwenyewe, akiwemo Kizito, mdogo wao. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Waanglikana walikuwa wametangulia kupoteza vijana watatu Januari 1885, na badala ya watu kukimbia, wengine walijitokeza kuomba ubatizo. Ndipo Alexander Mackay na wenzake wakaunda baraza la wazee Waafrika ili kanisa liwe na viongozi hata kama Wazungu wote wangefukuzwa au kuuawa. Mackay alikufa kwa homa Usambiro mwaka 1890. Askofu Parker aliyemrithi Hannington alikuwa amekufa hukohuko mwaka 1888, bila kuiona Buganda. Hapakuwa na mwaka katika kipindi hicho ambao mtu mwenye busara angeweza kuliwekea dau kanisa la Uganda.

Kutoka katika kanisa hilo alitokea mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye kielelezo kilicho wazi kuliko wote cha jambo ninalolizungumzia. Apolo Kivebulaya alibatizwa mwaka 1895, baada ya ujana wa vita na bangi. Muda mfupi baadaye alijitolea kwenda Toro, na mwaka 1896 akavuka Mto Semliki kwenda Mboga, pembezoni mwa msitu wa Ituri. Walimu wawili waliomtangulia huko walikuwa wamerudi kwa njaa. Chifu Tabaro aliwanyima chakula, na wao waliona kushika jembe si kazi ya mwalimu. Apolo alifika akashika jembe. Alilima viazi vyake, akala vyake, akafundisha kusoma jioni. Amri ya chifu ya kumnyima chakula ikakosa nguvu.

Kisha ikaja ajali. Dada wa chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika kwenye majani, akafa. Apolo akasingiziwa mauaji, akafungwa kamba, akapelekwa Fort Portal kwa wakuu wa Kiingereza, akatiwa jela. Huko, alivyosimulia maisha yake yote, Kristo alimtokea na kumwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye, na kwamba arudi. Alipofunguliwa alirudi Mboga, kwa mtu yuleyule aliyemsingizia. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Sisemi hili kama hadithi ya ushindi mwepesi, kwa sababu Apolo alipigwa tena na tena, na mchumba wake alikufa kabla ya ndoa naye hakuoa. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, kanoni mwaka 1922, na angeweza kuzeeka kwa heshima Toro. Mpaka wa wakoloni ulipopangwa upya Mboga ikaangukia Congo ya Wabelgiji, na CMS haikuwa na kazi upande huo. Apolo alivuka tena, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na katika miaka ya 1920 akaanza kuingia msituni kwa Wambuti, akajifunza lugha yao na kuifanyia kazi Injili ya Marko. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliacha agizo moja kuhusu maziko yake: kichwa kielekezwe magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa haijafika, kinyume na desturi. Kanisa la Anglikana la Congo limeanzia katika kijiji hicho.

Yapo makaburi mengine ambayo siwezi kuyapita kimya, hata kama nayapita haraka. Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamishonari wa Leipzig, waliuawa Akeri, Meru, Oktoba 1896. Miaka sita baadaye misheni ikarudi kwa Wameru hao hao. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wawili wao masista, waliuawa Agosti 1905 mwanzoni mwa Maji Maji. Hapa lazima isemwe kwamba wananchi walioshika mikuki hawakuwa wakipigana na Kristo. Walipigana na kodi, na pamba ya kulazimishwa, na viboko, na misheni ilikuwa imekaa karibu mno na waliovishika viboko hivyo. Anayetegemea ulinzi wa Mungu asiuchanganye na ulinzi wa bendera yoyote. Vita vya 1914 vilikuja kuthibitisha hilo kwa ukali.

Vita vile ndivyo vilivyoifichua nguvu ya wale ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Wajerumani walipokuwa bado wakiitawala Tanganyika, waliwafunga makasisi na walimu Waafrika wa UMCA na CMS kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Walipigwa, wakabebeshwa mizigo, na wapo waliofia kifungoni. Waingereza waliposhinda, wakawaweka kizuizini wamishonari Wajerumani, na kufikia 1920 karibu wote walikuwa wamerudishwa kwao: Walutheri wa Kilimanjaro, Usambara na Bukoba, Wamoraviani wa Rungwe na Unyamwezi, Wabenedikti wa kusini. Nyumba za misheni zikabaki na funguo mikononi mwa walimu wa shule za vijijini na makatekista. Watu hawa hawakuwa na daraja takatifu, wengi hawakuwa na mshahara tena, na mavuno yalikuwa yameliwa na majeshi mawili. Ikafuata homa ya mafua ya 1918 na njaa. Waliendelea kupiga kengele, kufundisha katekisimu, kuzika wafu. Bukoba, ambako Ulutheri wenyewe ulitanguliwa na Wahaya waliokuwa wamejifunza kusoma Uganda, kanisa liliongozwa na Andrea Kajerero na wenzake. Kutoka kanisa hilohilo alikuja Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kilimanjaro alitoka Stefano Moshi, mwalimu aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa KKKT ilipoundwa mwaka 1963.

Ukizifungua daftari za ubatizo za sharika na parokia za zamani, kwa kawaida utakuta safu za jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, tarehe, na jina la mchungaji au padre aliyebatiza. Safu ya aliyemfundisha haipo. Padre alifika kijijini mara moja au mbili kwa mwaka, akakuta watu 20 wamekwisha kuandaliwa, akawabatiza asubuhi moja na kuondoka. Aliyewaandaa kwa miaka miwili, aliyewatembelea wakiwa wagonjwa, aliyewapatanisha na jirani zao, jina lake halikuandikwa. Hao ndio waliovuka na kanisa kutoka 1916 hadi 1925. Kwa hiyo mtu akiuliza Mungu alikuwa wapi katika miaka ile, sehemu kubwa ya jibu imepotea pamoja na majina hayo, na waliobaki wanaoyakumbuka ni wazee wenye miaka zaidi ya 80.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kwa mtu aliyechoka. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuja Kampala Septemba 1929 akiwa amevunjika moyo na njaa kali aliyoiacha Rwanda na ukavu wa kanisa. Kilimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, mtu wa familia ya heshima aliyekuwa ameacha kazi ya serikali ili ahubiri. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa Gahini akifundisha wainjilisti. Januari 1936 Kigozi alifika Kampala na ujumbe mmoja kwa sinodi, kwamba kanisa liamke, na kabla sinodi haijakaa akafa kwa homa. Ujumbe ule ukasomwa bila yeye, ukaenda mbali kuliko miguu yake ingeweza kuufikisha: Kabale, Kenya, Bukoba, Dodoma. Wahubiri wake walio wengi walikuwa wauguzi, walimu, wakulima na akina mama waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji wakitubu hadharani, wakirudisha vitu walivyoiba, wakiketi meza moja watu wa makabila na rangi ambazo zamani zisingekula pamoja. Walikosea pia, na wapo waliohukumu wengine kwa ukali usiokuwa wa lazima. Lakini Kenya ilipoingia katika vita vya Mau Mau baada ya 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo.

Kizazi hicho cha Uamsho ndicho kilichokuja kujaribiwa baada ya uhuru. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji Nyamata, Rwanda, akiwahudumia Watutsi waliohamishwa kwa nguvu kutoka makwao. Alionywa aache. Januari 1964 askari walimchukua usiku wakampiga risasi. Mwaka huohuo, Desemba 1, huko Isiro mashariki ya Congo, Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu, msichana wa miaka 25 hivi, aliuawa na afisa wa waasi wa Simba kwa kukataa kuvunja nadhiri yake. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1985. Na Uganda, Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya maaskofu kuandika barua ya kupinga mauaji. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na la Hannington, na Jumapili iliyofuata maelfu walikusanyika hapo ingawa mwili haukutolewa. Ulikwisha kupelekwa Mucwini, kijijini kwake, ukazikwa huko. Huo ulikuwa mwaka wa kuadhimisha karne moja ya kanisa lile. Wapo walioshauri sherehe zifutwe. Hazikufutwa. Aliyechaguliwa kuwa askofu mkuu, Silvanus Wani, alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin.

Nyamata inarudi katika historia hii kwa namna inayouma. Mwaka 1994, miaka 30 baada ya Kanamuzeyi, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Kikatoliki la Nyamata waliuawa ndani yake, na katika sehemu nyingine za Rwanda wamo waliouawa na Wakristo wenzao, na wamo viongozi wa dini waliohukumiwa baadaye kwa kushiriki. Anayeandika juu ya uangalizi wa Mungu usiobadilika hana ruhusa ya kuuzunguka mwaka huo. Mimi sina maelezo ya kwa nini waliopiga magoti mbele ya altare hawakuokolewa, na namwogopa kila mhubiri aliye nayo. Ninachokijua ni kwamba nchi hiyohiyo ilimtoa Kanamuzeyi, na kwamba hata mwaka 1994 walikuwepo Wakristo waliowaficha majirani zao darini na mashambani kwa gharama ya maisha yao. Wito ulikuwepo. Wengi walioupokea kwa midomo waliukataa siku ulipodai damu, na hilo ni kosa la walioitwa.

Na leo? Mwishoni mwa Mei 2021, siku zilezile ambazo Waanglikana wa Congo humkumbuka Apolo, wapiganaji walivamia Boga, yaani Mboga ile ile, pamoja na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50 usiku mmoja. Watu walikimbilia porini na kwenye makambi, na pamoja nao wachungaji na wainjilisti wao, ambao hawana mahali pengine pa kwenda kwa kuwa watu wao ndio hao.

Huku kwetu kwenye amani, mpangilio haujabadilika sana tangu 1916. Parokia moja ina padre mmoja au wawili na vigango vingi. Usharika mmoja una mchungaji mmoja na mitaa kadhaa. Jumapili nyingi anayesimama mbele ni katekista au mwinjilisti. Analima, ana watoto shuleni, na posho yake, ikiwepo, haimtoshi sabuni. Akiumwa anachangiwa. Akifa, mjane wake anapewa mchango wa msibani na barua ya pole. Nimesikia viongozi wakimwambia mtu wa namna hiyo amtumainie Mungu aliyemwita, na naamini anamtumainia kuliko wao. Ila katika historia yote niliyoieleza hapa, Mungu hakuwahi kumlisha mtumishi bila mkono wa mtu: Nyondo alimwongoza Rebmann, Jones aliwafungulia watoro, Apolo alishika jembe. Kwa hiyo usharika unaomtumia mwinjilisti kwa miaka 20 bila kumkatia hata bima ya afya hauwezi kuitwika imani yake jambo hilo. Liwekwe kwenye bajeti ya mwaka huu, kabla ya spika mpya na kabla ya uzio.